Uchungu Haukuwa na Kitufe: Hotuba Kuhusu Kujitolea Katika Utafiti wa Ubongo na Hisia

Mwenyekiti wetu, wazee mliotutangulia, baba zangu na mama zangu, ndugu zangu, na wanangu mnaosoma vyuoni: nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru kwa kunitengea muda katika mkutano huu wa Waswahili tunaoishi Uingereza, ingawa najua kwamba baadhi yenu mmetoka kazini usiku na bado hamjapata usingizi.

Nimeombwa nizungumzie matangazo ambayo wengi mmeyaona yamebandikwa kwenye korido za vyuo na hospitali, yanayotafuta watu wazima wenye afya njema, wa kujitolea, wakae saa mbili hivi katika maabara na kutazama picha za nyuso, huku ubongo wao ukisisimuliwa kwa sumaku au kwa umeme hafifu. Binti wa jirani yangu, aliye mwaka wa pili chuoni, alilipiga picha tangazo la namna hiyo akaniletea, akaniuliza: "Shangazi, huu si ndio ule umeme wanaopigwa wagonjwa wa akili?" Siku ile nilimjibu kwa maneno machache nikiwa mlangoni na mfuko wa sokoni mkononi. Leo nataka nimjibu kama anavyostahili, kwa sababu swali lake ni la haki, na kwa sababu mimi mwenyewe nimekwishaketi kwenye kiti hicho mara mbili.

Mimi si daktari wala mtafiti. Kazi yangu ni ukalimani hospitalini, na kwa miaka kumi na minne nimesimama kati ya mgonjwa anayesema Kiswahili na daktari anayesema Kiingereza. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba kutafsiri mfupa uliovunjika ni rahisi, na kutafsiri huzuni ni kazi ngumu kuliko zote. Mama akimwambia daktari kwamba moyo wake umekufa ganzi, nami nikalipeleka neno hilo kama lilivyo, daktari huandika kipimo cha moyo. Kwa hiyo niliposikia kwamba wapo watu wanaochunguza namna ubongo unavyozipokea na kuzisoma hisia, nilikwenda kwa sababu ya kazi yangu zaidi ya kitu kingine chochote.

Nianze na swali la binti yule. Umeme anaousema yeye, ule unaotumika kutibu sonona kali, ulianza Roma mwaka 1938 mikononi mwa Ugo Cerletti na Lucio Bini. Lengo lake ni kumtia mgonjwa mtukutiko kama wa kifafa, na siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Ni tiba, ina wagonjwa iliowaokoa, na wala siidharau. Lakini kinachofanywa katika maabara za utafiti wa hisia ni kitu kingine kabisa, kwa nguvu yake na kwa kusudi lake.

Njia ya sumaku inasimama juu ya kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831, kwamba uga wa sumaku unapobadilika huzaa umeme katika kitu kilicho karibu kinachopitisha umeme. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker na wenzake waliitumia kanuni hiyo juu ya kichwa cha binadamu kwa namna inayofuatwa hadi leo. Waya uliosokotwa duara, unaoitwa koili, hushikwa juu ya fuvu, umeme mwingi hupitishwa ndani yake kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na uga wa sumaku unaozaliwa hupenya nywele, ngozi na mfupa bila kuviumiza, ukaamsha neva zilizo chini yake. Nguvu ya uga huo hufika tesla moja na nusu au mbili (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ambayo ni ya kiwango kimoja na mashine nyingi za skani ya sumaku za hospitali, lakini hushuka upesi mno, hata ukipita sentimita mbili au tatu ndani ya kichwa hauna tena nguvu ya kuamsha kitu. Njia ya umeme hafifu ni tulivu zaidi: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani kwa mkanda, na umeme wa miliampia moja au mbili hupita kati yake kwa dakika kama ishirini. Umeme huo hauilazimishi neva kufyatuka, bali huisogeza kidogo tu karibu na kufyatuka, au mbali nako. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, ndio walioirudisha njia hii katika sayansi mwaka 2000.

Niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Nilipoketi mara ya kwanza, mtafiti, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alinipa viziba masikio kwa sababu koili ina mlio mkali, akaniwekea mto mapajani na kuniomba niulaze mkono wangu wa kushoto juu yake, ulegee. Kisha akaanza kutafuta upande wa kulia wa kichwa changu mahali panapoongoza mkono ule. Koili ilikuwa na umbo la tarakimu nane, nzito, akiishika kwa mikono miwili. Ililia tak, nami nikahisi kama mtu amenigonga kichwani kwa ncha ya penseli. Mkono haukufanya kitu. Akaisogeza upana wa ukucha. Tak. Akaisogeza tena, na safari hii kidole gumba changu kikaruka. Sikukiamuru. Nilikitazama kama mtu anayetazama kidole cha mwenzake, na nakumbuka kwamba sikuona uchungu wala hofu, ila niliona heshima ya ghafla kwa kiungo hiki tunachokibeba mabegani tangu tuzaliwe bila kukifikiria. Kuruka kwa kidole ndiko kunakowaonyesha watafiti nguvu inayomtosha kila mtu, kwa sababu mafuvu hayalingani unene na neva hazilingani wepesi. Baada ya hapo ndipo wanapoipeleka koili mahali wanapopataka kwa ajili ya hisia.

Na hapo panahitaji maelezo, maana hisia katika lugha yetu hazijawahi kukaa kichwani. Sisi tumezigawa mwilini: matumaini na huzuni tumeziweka moyoni, kinyongo tumekitoa kwenye nyongo, kijicho kwenye jicho, na maneno makali tunasema yanakata maini. Watafiti hawasemi kwamba wazee wetu walikosea. Mwaka 2008 David Pitcher na wenzake wa chuo cha University College London walichapisha utafiti ambao mimi huukumbuka kila ninapokalimani. Waliwapa watu wa kujitolea kazi ya kutambua hisia katika picha za nyuso, wakiwasisimua kwa sumaku mahali mbalimbali. Walipolivuruga eneo la kisogoni linaloshughulikia sura za watu, ustadi wa washiriki ulipungua, na hilo lilitarajiwa. Lakini ulipungua pia walipolivuruga eneo la upande wa kulia ambalo kazi yake ni kuhisi uso wa mtu mwenyewe, yaani mashavu, midomo na paji lake. Msisimko ukipigwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya picha kutokea, mtu anakosea kuisoma huzuni au hasira ya mwenzake. Ina maana kwamba tunapoutazama uso wa mtu aliyefiwa, uso wetu wenyewe ndani ya ubongo unashiriki katika kumwelewa. Waliojua kwamba huzuni ya mwenzio unaihisi mwilini mwako hawakuwa mbali na ukweli, na kilichowezesha jambo hilo kuonyeshwa kwa vipimo ni watu wachache waliokubali kuketi.

Ndani zaidi, mahali ambapo sumaku ya koili haifiki, kuna kiungo kidogo kiitwacho amigdala, jina linalotokana na lozi kwa sababu ya umbo lake. Yuko mwanamke wa Iowa, Marekani, ambaye dunia inamjua kwa herufi mbili tu, S.M., aliyeharibikiwa na amigdala zote mbili kwa ugonjwa nadra. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake waliandika kwamba mwanamke huyo hakuweza kuitambua hofu katika uso wa mtu mwingine. Mwaka 2005 wakagundua sababu mojawapo: alikuwa haangalii macho. Walipomwambia ayaangalie macho, akaitambua hofu kama sisi wengine, ingawa kila mara ilibidi akumbushwe. Mwanamke huyo amejitolea mwaka baada ya mwaka, na jina lake limefichwa muda wote huo. Nawatajia habari yake kwa sababu tunaposema "kujitolea" akili zetu hukimbilia kutoa damu au kuchangia harambee. Yupo pia anayetoa saa zake na subira yake ili ijulikane hofu inavyofanya kazi.

Mtauliza, faida yake ni nini kwa mtu aliyelala kitandani hana hamu ya kuamka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba ya sumaku kwa sonona mwaka 2008, na hapa Uingereza taasisi inayotoa miongozo ya tiba iliikubali mwaka 2015. Inawasaidia baadhi ya watu ambao dawa hazikuwasaidia, na wengine haiwasaidii, na bado kuna kazi kubwa ya kujua ni nani itamfaa. Oxford, Catherine Harmer na wenzake wameonyesha kwamba dawa za sonona huanza kubadilisha jinsi mtu anavyosoma nyuso, akianza kuziona za furaha kwa wepesi zaidi, kabla yeye mwenyewe hajasema kwamba anajisikia nafuu. Ndiyo maana mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaombwa atazame nyuso mia kadhaa. Mtu akielewa jinsi ubongo usioumwa unavyousoma uso, ataweza kuona mapema kama tiba imeanza kuushika ule unaoumwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta mbele yenu, na hapa naomba mnivumilie nikikaa kidogo.

Katika kazi niliyopewa siku ile, uso ulitokea kwenye kioo kwa muda mfupi sana, kisha nilitakiwa nibonyeze kimojawapo cha vitufe sita: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, kinyaa. Nyuso nyingi zilikuwa rahisi. Kisha ikatokea ya mwanamke mwenye midomo iliyobanwa na macho yaliyolowa kidogo, na mkono wangu ukasimama hewani. Kitufe cha hasira kilikuwepo na cha huzuni kilikuwepo, lakini neno lililonijia lilikuwa uchungu, uchungu wa mtu aliyedhulumiwa na ndugu, ambao una huzuni ndani yake na hasira ndani yake na hauwezi kukatwa vipande viwili. Uchungu haukuwa na kitufe. Nilibonyeza hasira, nimechelewa, na kompyuta ikarekodi kwamba nimechelewa. Tulipopumzika nilimweleza kijana yule. Akaniuliza neno linavyoandikwa, nikamtajia herufi moja moja, akaliandika kwenye daftari lake pembeni ya namba yangu.

Ndugu zangu, ramani ya hisia za binadamu inachorwa sasa hivi, na wanaochorwa ndani yake ni watu wa aina chache. Jeffrey Arnett alipopitia majarida sita makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2008 kwamba asilimia 96 ya washiriki walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo ni makazi ya asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo. Wachache waliokwenda mahali pengine wamekuta mambo hayalingani na vitabu. Maria Gendron na wenzake waliwapelekea Wahimba wa Namibia picha za nyuso na kuwaomba wazipange kwa mafungu kadiri wanavyoona wenyewe. Walichapisha mwaka 2014 kwamba mafungu hayakuwa yale yaliyotarajiwa, na kwamba Wahimba wengi waliuelezea uso kwa kitendo, kwamba huyu anacheka, huyu anatazama, badala ya kuutajia hisia iliyo ndani. Mwaka 2020 akachapisha utafiti uliofanywa kwetu, miongoni mwa Wahadza wa pande za Ziwa Eyasi, na huko pia nyuso hazikusomwa kwa namna ambayo nadharia ya hisia sita ingetabiri. Sisemi kwamba ubongo wa Mhadza au wa Mdigo ni tofauti na wa Mwingereza. Nasema kwamba ukitaka kujua kilicho cha binadamu wote, huwezi kuwauliza watu wa mtaa mmoja. Na tiba itakayojengwa juu ya majibu ya mtaa mmoja ndiyo hiyo hiyo atakayopewa mama yangu mdogo siku akishikwa na sonona.

Kuna kizuizi kingine, kidogo kwa sura na kikubwa kwa athari, nacho ni nywele. Koili lazima iwe karibu na ngozi ya kichwa, kwa sababu kila milimita inayoongezeka inapunguza nguvu. Na vifaa vinavyopima mawimbi ya ubongo, vinavyotumika mara nyingi pamoja na koili, vilitengenezwa na watu waliofikiria nywele laini. Matokeo yake ni kwamba dada zetu wenye misuko wamekuwa wakirudishwa mlangoni, au data yao ikitupwa kwa kuwa haikusomeka vizuri. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, aliyekuwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, pamoja na wenzake, walionyesha vibanio vya kupimia vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa kwa mtindo ule ambao sisi tunauita twende kilioni, na vikashika vizuri. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko ninavyoweza kusema. Lakini vifaa hivyo havijaenea, kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba upige simu kabla ya kwenda kusuka, uulize nywele zinatakiwa ziweje, uwaambie kama una mafuta mengi kichwani au nywele za bandia zenye uzi wa chuma. Nanyi dada zangu mnaovaa hijabu, mna haki ya kuomba mtafiti mwanamke na chumba kisichopitwa na watu. Mimi niliomba, nikapewa, wala hakuna aliyeninunia.

Wazee wengine watasema: mwanangu, watu weusi wamekwisha kufanyiwa utafiti wa kutosha. Wana haki kusema hivyo. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wanaume 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa imekwisha kujulikana kwamba inaponya. Mtu anayelijua hilo akisita kutia saini, kusita kwake ni busara. Kanuni tulizo nazo leo zimetoka katika machungu ya aina hiyo. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, ziliweka mbele ya yote ridhaa ya hiari ya mtu mwenyewe, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawawekea masharti madaktari wa dunia. Leo hapa Uingereza, kabla mtafiti hajakugusa, lazima kamati ya maadili iwe imeupitia mpango wake, lazima upewe maelezo kwa maandishi na muda wa kuyafikiri, na unaweza kuondoka wakati wowote bila kutoa sababu. Ukiwa katikati ya kazi, koili iko kichwani, ukasema "basi", ni basi.

Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba kushiriki kutasaidia ombi lako la makaratasi ya kuishi nchini, au kwamba kukataa kutaliharibu. Hayana uhusiano. Na kama anayekuomba ni mwalimu wako anayesahihisha mitihani yako, muulize kama kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye, kwa maana ridhaa inayotolewa kwa kumwogopa mwalimu si ridhaa.

Ridhaa ina upande wa pili, ambao ni kusema kweli, na hapa ndipo ninapotaka kila mzazi aliyemo ukumbini anisikilize. Kabla ya kuketi utaulizwa maswali mengi: kama una chuma kichwani, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa, kama una mimba, unatumia dawa gani, umelala vizuri, umekunywa pombe jana. Hatari kubwa ya njia ya sumaku ni mtukutiko wa kifafa. Kwa wanaofuata miongozo, iliyotolewa kwanza mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009 na 2021, hutokea chini ya mara moja katika vipindi 10,000, na maswali hayo ndiyo yanayoifanya iwe nadra hivyo. Kwa njia ya umeme hafifu, mapitio yaliyoongozwa na Marom Bikson mwaka 2016 yalihesabu zaidi ya vipindi 33,200 bila kupata taarifa ya dhara kubwa, ingawa kuwashwa na wekundu wa ngozi chini ya sponji ni mambo ya kawaida.

Mdogo wangu, fundi wa mabomba, kijana mwenye nguvu zake, alitaka kushiriki baada yangu. Kwenye fomu aliulizwa kama amewahi kupata kifafa au mtukutiko, naye akaandika hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Jioni ile tulikuwa tunazungumza na mama yetu aliyeko Tanga, simu iko mezani, nikamsomea mama swali lile kwa Kiswahili ili tu kumchangamsha. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kifafa hana. Degedege ndiyo ilimpata, mara mbili, akiwa na miaka mitatu. Tulimkimbiza hospitali ya Bombo usiku, macho yamegeuka meupe." Mdogo wangu hakuwahi kusikia habari hiyo maishani mwake. Kwa mama, degedege na kifafa ni vitu viwili vilivyo mbali: kimoja ni homa ya mtoto, ambayo wazee wa zamani waliihusisha na ndege au shetani wa usiku, na kingine ni ugonjwa wa kufichwa. Kwa mtafiti, vyote viwili ni mtukutiko wa ubongo, na ni lazima avijue. Watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2004 kwamba watoto waliowahi kuugua malaria kali hupatwa na kifafa baadaye kwa wingi kuliko wenzao, kwa hiyo swali hili kwetu lina uzito ambao aliyelitunga huenda hakuufikiria.

Asubuhi yake mdogo wangu aliwapigia simu watafiti. Walimshukuru, wakamwondoa kwenye utafiti wa sumaku. Alikasirika, akasema amekuwa mzima miaka thelathini, na niliielewa hasira yake, kwa maana hakuna apendaye kuambiwa hafai. Lakini walifanya lililo sawa. Tangu siku hiyo kila Mswahili anayeniambia anataka kushiriki namtuma kwanza kwa mama yake, au kwa shangazi aliyemlea, akaulize neno degedege kwa jina lake. Na wale mnaojiandaa kwenda nyumbani, kama mmeandikiwa meflokwini ya kuzuia malaria, itajeni, maana ni dawa inayoweza kuusogeza ubongo karibu na mtukutiko. Ukiwa umefunga Ramadhani, sema pia, upangiwe siku nyingine. Kuketi hapo na njaa, kiu na usingizi wa daku si ibada, na matokeo yako hayatamfaa mtu.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti ya kutosha. Huendi kutibiwa. Mtu mwenye sonona asiende kwenye utafiti wa watu wenye afya akitumaini koili itamwondolea giza. Aende kwa daktari wake, na kama anahitaji mkalimani, aombe, ni haki yake. Huenda hata siku uliyoketi koili isiwe imekusisimua kitu, kwa sababu siku nyingine huwa za kulinganishia, mlio upo na msisimko haupo, na fomu hukueleza mapema kwamba hilo linaweza kutokea. Tafiti za umeme hafifu juu ya hisia nazo zimetoa majibu yasiyokubaliana, moja ikiona badiliko dogo na nyingine isione kitu, mara nyingi kwa kuwa washiriki walikuwa wachache mno. Na vile vifaa vya umeme wa kichwani vinavyouzwa mtandaoni, ujifunge mwenyewe chumbani, nawasihi vijana msivinunue. Katika maabara kuna mtu anayehesabu dakika na kuutazama uso wako.

Nimeyatafsiri maswali ya usalama kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, nikaliweka swali la degedege peke yake, chini ya lile la kifafa. Maabara niliyoshiriki imekubali kulisoma swali hilo kwa kila anayesema Kiswahili. Nakala ziko kwenye meza iliyo karibu na birika la chai, na anayetaka kunirekebisha lugha, hasa wazee wa Mombasa na Unguja, nitamshukuru.

Binti wa jirani yangu ameketi safu ya tatu na ameniruhusu niseme hili. Wiki mbili zilizopita alikwenda kwenye maabara ile, akauliza maswali yake yote, likiwemo lile la umeme, akaonyeshwa koili, akaishika, akarudi nyumbani na fomu haijatiwa saini. Walimwambia achukue muda anaoutaka. Bado anafikiri. Sasa nayasikiliza maswali yenu.